Mwalimu wa Kwata Aliyeuliza Tumelalaje

Watu wakikutana asubuhi huulizana wameamkaje. Mwalimu wetu wa kwata aliuliza umelalaje, na jibu alilitaka kweli. Ukimwambia "salama, Afande" huku macho yako mekundu, alisimama pale pale mbele yako, fimbo yake kwapani, mpaka wewe mwenyewe uone vibaya. Kisha anasema taratibu, "Sijauliza kama uko fiti. Fiti nitaiona uwanjani. Nimeuliza umelalaje."

Ilikuwa miaka ya tisini, na kambi yetu ilikuwa upande wa Ilemela, juu kidogo ya ziwa. Mimi nilikuwa koplo, nikitunza ghala la silaha. Nimezaliwa ng'ambo ya ziwa, Bukoba. Yeye alikuwa Msukuma wa Misungwi. Cheo chake kilikuwa ofisa mteule, juu ya masajini wote, lakini hakuna aliyemwita kwa cheo wala kwa jina. Alikuwa Mwalimu tu. Hata Mkuu wa kikosi, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, alimwita hivyo.

Sauti yake ilikuwa haifanani na mwili wake. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kidogo, shingo nyembamba ndani ya kola iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Akifungua mdomo uwanjani, wavuvi waliokuwa wakianua nyavu chini ya kambi waliinua vichwa. Herufi ya "r" hakuwa nayo. Kuruta kwake alikuwa kuluta, gwaride lilikuwa gwalide. Vijana wapya, hasa waliotoka Dar, walicheka siku ya kwanza, nao walidhani watasulubiwa kwa kucheka. Aliwasubiri. "Cheka umalize," alisema, "kisha geuka." Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena, na hakuna aliyeogopa.

Lakini hakuwa mpole, nisije nikampaka rangi isiyo yake. Alikuwa na hasira za ghafla. Niliwahi kumwona akirusha kofia yake chini kwa sababu ya mtu mmoja aliyefunga kifungo vibaya, kisha akaiokota, akaifuta vumbi, akamwomba radhi mtu huyo mbele ya wenzake, kisha akampa adhabu ile ile aliyokuwa amekusudia kumpa. Alichukia ulevi kuliko kitu chochote. Mtu mwenye malaria alimbeba mgongoni, mtu aliyefiwa alimtafutia nauli, lakini mtu aliyenuka gongo hakutaka hata kumtazama. Ukali wake huo karibu umgharimu mtu mmoja uhai wake, na hilo nitalieleza.

Kwanza nieleze chumba.

Vyama vingi vilipoanza na siasa ikaondolewa jeshini, chumba cha tawi la chama kilichokuwa karibu na mesi kilibaki kitupu. Mabango yaliondolewa, kabati likahamishwa, zikabaki benchi mbili na alama nyeupe ukutani pale picha zilipokuwa. Watu wa stoo walikuwa wakikitaka, na watu wa mesi pia. Mwalimu alikwenda kuomba ufunguo kabla yao. Akapigilia misumari mlangoni kwa ndani, safu nzima, na kila aliyeingia alitundika hapo kofia na mkanda wake. Ukishatundika, wewe si koplo wala sajini. Kule nje tulisema "Jambo, Afande." Mle ndani, mdogo alimwamkia mkubwa shikamoo kama nyumbani, naye akaitikia marahaba, basi.

Jioni baada ya kazi alichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo mke wake alikuwa akimletea kutoka kijijini, akachanganya na karanga. Aliweka chungu katikati na mkebe wa kiwi ya viatu kando yake. Kila mtu alikuja na buti zake. Tulikaa tukisugua viatu, na hakuna aliyelazimishwa kusema lolote. Nadhani alikuwa ameona kwamba mtu akikaa bure anatazamwa, na akitazamwa anafunga mdomo. Lakini akiwa na buti mkononi, macho yake yanakaa kwenye buti. Maneno yalitoka hivyo. Dereva mmoja alisema kwamba tangu alipopinduka na lori njia ya Usagara, akishika usukani miguu inakufa ganzi. Sajini wa jiko, mtu mzima mwenye wajukuu, alisema kwamba orodha ya wanaopunguzwa jeshini ikitoka na jina lake likiwemo, hajui atarudi kijijini na sura gani. Mwalimu hakutoa mawaidha. Aliuliza tu, "Na usiku unafanyaje?" au "Nani mwingine anajua?" Na mtu aliyekuwa karibu alikuwa akisema, "Hata mimi," na hapo benchi nzima ilikuwa ikishusha pumzi.

Orodha hiyo ilitutesa sana miaka ile. Nje ya geti mambo yalikuwa yamefunguka, mitumba imejaa, mabasi ya watu binafsi yanapigana kugombea abiria pale Buzuruga, viwanda vya minofu ya sangara vinajengwa ufukweni kimoja baada ya kingine. Ndani ya geti tulikuwa tukinong'ona nani atapunguzwa. Askari aliyekuwa akijisikia vibaya kichwani alificha, kwa sababu aliyeandikwa kwamba ana matatizo ya akili alijua jina lake litakuwa la kwanza. Wengine walioondoka tuliwaona wamevaa sare za ulinzi kwenye mageti ya viwanda, wakitupigia saluti tukipita, nusu kwa utani.

Mimi mwenyewe nilifika kwenye chumba kile kupitia uwanjani. Mwaka ule nilikuwa nimevuka ziwa kwenda kumzika kaka yangu, na kabla udongo haujakauka nikavuka tena kumzika wa pili. Ugonjwa wao ulikuwa ule ambao siku hizo hatukuutaja. Nilirudi kazini, nikawa nahesabu silaha, nasafisha silaha, najibu salamu. Asubuhi moja Mwalimu alisimama dirishani pangu.

"Umelalaje, binti?"

"Sikulala, Afande."

Sijui kwa nini siku hiyo nilisema kweli. Hakunipa pole. Alisema, "Funga ghala. Njoo." Akanipeleka uwanjani palipokuwa na kombania nzima ya makuruta, akanisimamisha mahali pake. "Leo unatoa amri wewe. Nataka wakusikie hata kule uwanja wa ndege."

Nilianza kwa sauti ndogo. Akasema hawasikii. Nikaongeza. Akasema bado. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo, mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka, na mahali fulani katikati machozi yakaanza kunitoka na sauti ikawa si ya amri tena. Niliogopa kwamba vijana watanicheka. Ndipo nilipoelewa kwa nini, kabla machozi hayajanitoka, alikuwa ameninong'oneza niwageuze nyuma: wote walikuwa wamesimama wima wakitazama ziwa. Hakuna aliyeniona. "Endelea," alisema. "Hao wanakusubiri." Jioni yake nilibeba buti zangu nikaenda kwenye chumba.

Kulikuwa na jambo lake moja ambalo wengi walilichukulia kuwa somo. Kwenye vilima vya jirani watu wenye fedha mpya walikuwa wakijenga, na mawe yale makubwa yalipasuliwa kwa baruti. Mara nyingine walipiga filimbi kwanza, mara nyingine hawakupiga. Mlio ukitokea, Mwalimu alitoa amri moja, "Chini!" na kombania nzima ilikaa vumbini, naye pia akakaa. "Vuta pumzi. Itoe polepole. Angalia mikono yako. Ni mikono yako hiyo." Wakikaa hivyo kwa muda, aliwainua wakakung'uta vumbi, kazi ikaendelea. Makuruta walipenda kwa sababu walipumzika. Mimi dirisha langu lilikuwa karibu, nami niliona kwamba fimbo yake, pale anapoilaza magotini, ilikuwa ikigonga kifungo cha shati tik-tik-tik, wala si yeye aliyekuwa akiigonga kwa makusudi.

Sasa nimweleze Koplo Masanja.

Alikuwa kijana wa kikosi chetu, mcheshi, mpiga filimbi, ana mke na mtoto mchanga aliowapangia chumba Buzuruga. Wakimbizi walipovuka mpaka kwa maelfu kuyakimbia mauaji ya nchi jirani, alikuwa miongoni mwa waliopelekwa huko. Kundi lao lilipewa kazi ya kutoa maiti mtoni. Aliporudi tulimpokea kwa shangwe, naye alicheka nasi, lakini filimbi hakuigusa tena. Samaki hakula. Baadaye akaanza kunywa, mwanzoni siku za mapumziko, halafu siku yoyote.

Alikwenda kwenye chumba mara moja. Nilikuwepo. Alitundika kofia yake, akakaa mwisho wa benchi, na harufu ya gongo ikatufikia sote. Mwalimu aliweka chini buti aliyokuwa akiisugua.

"Toka," alisema. "Ludi ukiwa mkavu."

Masanja alimtazama kama mtu anayetaka kusema kitu, kisha akachukua kofia yake akatoka. Sajini wa jiko alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu ndiye mgonjwa hasa." Mwalimu aliichukua tena buti yake. Aliendelea na buti ile ile mpaka tukaondoka.

Wiki kadhaa zilipita. Alasiri moja Masanja alikuja kwangu kuchukua silaha ya lindo, zamu ya geti. Hakunuka pombe. Alikuwa amenyoa, sare imenyooka, na adabu zake zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Nilikuwa nimeshashika bunduki nikitaka kumpa, ndipo akavua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya meza.

"Dada, wewe huwa unapita Buzuruga siku za mapumziko. Mpe mke wangu hii."

"Kwa nini usimpe mwenyewe?"

"Mpe tu."

Alitabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonitisha. Nilimwambia kwamba bunduki imekauka mafuta, asubiri kidogo nimletee nyingine. Nikairudisha rafuni, nikafunga mnyororo na kufuli, nikatoka nje na ufunguo mkononi.

Mwalimu alikuwa katikati ya uwanja na makuruta wake. Uwanja wa gwaride haukatizwi. Hata maofisa huzunguka pembeni. Mimi nilikatiza katikati moja kwa moja, nikikimbia. Nilimwona akivuta pumzi ili anikaripie, kisha akaiona sura yangu, akaishusha. Aliwaambia makuruta walegeze, akaja. Nilimwambia maneno machache, na sikumbuki kama yalikuwa na mpangilio. Saa nilikuwa bado nimeishika.

Tulimkuta Masanja amekaa kwenye kizingiti cha ghala. Mwalimu alivua kofia yake, akakaa kando yake, bega kwa bega.

"Masanja, ulikuja kwangu nikakufukuza. Nilikosea."

Masanja alifuta vumbi kwenye ncha ya buti yake. "Nilikuwa nimelewa, Afande."

"Ulikuwa umelewa na mimi nilikosea. Yote mawili." Akangoja. "Umelalaje?"

"Silali. Nikifumba macho nasikia maji."

"Leo ulikuwa unataka kufanya nini na bunduki?"

Hakuna mtu mwingine ambaye angeliuliza hivyo wazi. Masanja aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti, akajibu. Sitayaandika maneno yake. Mwalimu alimshika kisogo, kama unavyomshika mtoto anayetapika, na hakumwambia anyamaze.

Baadaye alisimama, akaniambia, "Koplo, silaha ya lindo nipe mimi."

"Afande, zamu ni ya Masanja."

"Najua ni ya nani."

Basi alasiri ile watu wote waliopita getini waliona jambo ambalo halijawahi kuonekana: ofisa mteule, mtu aliyekaribia kustaafu, amesimama lindo kama askari wa kawaida, na koplo amekaa kivulini karibu na miguu yake bila mkanda. Hakutaka kumwacha peke yake, na lindo lisingeweza kuachwa bila mtu. Jua lilipoelekea ziwani, gari la Mkuu wa kikosi likafika. Mwalimu alitoa heshima ya silaha, safi kabisa. Gari lilisimama. Mkuu alishusha kioo, akamtazama Mwalimu, akamtazama Masanja, akapandisha kioo, gari likaingia.

Kesho yake asubuhi tuliitwa ofisini, Mwalimu, Masanja na mimi niliyekataa kutoa silaha. Mkuu alinisikiliza mimi kwanza. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Unajua orodha iko mezani kwangu."

"Najua, Afande."

"Nikiandika kwamba huyu amechanganyikiwa, anaondoka. Nisipoandika na akaua mtu, ninaondoka mimi. Unanishauri nini?"

"Andika mgonjwa, apelekwe hospitali. Akitibiwa aludi kazini."

"Mwenye ugonjwa huu anarudi kazini?"

"Mimi ninao," alisema Mwalimu. "Tangu vita vya Kagela. Baluti ikilia kule mlimani, ninawakalisha makuluta chini. Umeniona mala nyingi."

Mkuu alikunja uso. "Nilidhani lile ni somo."

"Ni somo pia, Afande. Lakini nilianza kwa sababu miguu yangu ilikuwa haisimami. Kama huyu hafai, na mimi sifai. Tuandike pamoja."

Masanja, ambaye tangu tuingie alikuwa akitazama sakafu, aliinua macho akamtazama. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia kwamba kitu kile kinaweza kukaa ndani ya mtu aliyenyooka namna ile. Mkuu aliinuka akaenda dirishani. Alipogeuka alisema kwamba atatoa gari, na kwamba Mwalimu ampeleke kijana mwenyewe.

Walikwenda hospitali kubwa mjini, na walikuwa wakienda tena na tena. Watu walipomsifu Mwalimu kwamba chumba chake kinaponya, alikataa. "Kile chumba ni benchi tu. Dawa iko kwa daktali." Masanja alihamishiwa bustani ya mboga ya kikosi kwa muda, mbali na silaha na mbali na maji. Alianguka tena kwenye pombe, akainuka. Siku moja nilisikia filimbi nyuma ya mesi, wimbo ambao haukufika mwisho, lakini ilikuwa filimbi. Alibaki jeshini.

Mwalimu hakubaki. Orodha iliyofuata ilikuwa na jina lake. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umekaribia, hivyo hakuna aliyeweza kusema kama ni umri au ni yale aliyoyasema ofisini. Sajini wa jiko alikasirika kuliko yeye. Mwalimu alifunga gwaride lake la mwisho kama siku nyingine yoyote, akakabidhi ufunguo wa chumba. Kwa muda tuliendelea kukutana, tukichemsha michembe wenyewe, ila kila mtu alikuwa akiingoja sauti yake. Baadaye chumba kikawa stoo ya saruji. Hadi leo nikisikia harufu ya kiwi ya viatu, nakumbuka benchi zile na watu walioinamia buti zao, na natamani nikae tena.

Nilimwona tena wakati nahamishwa kwenda Tabora. Nilisikia kwamba anaishi Usagara, nyuma kidogo ya njia panda, nikashuka kwenye basi asubuhi nikiwa na nia ya kupanda jingine mchana. Nilimkuta amevaa kaptula, ananyweshea nyanya. Alifurahi mpaka akamwaga maji. Mke wake, mama mwenye mwili na sauti ya upole, alikuwa akibangua karanga barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umetoka kambini?"

Mwalimu alikwenda dukani kutafuta sukari. Mama aliendelea kubangua.

"Wanakuja wengi," alisema. "Alikuja mmoja na mke na mtoto, akalia hapa hapa, akasema mzee ndiye aliyemfanya awe hai. Nikampa chai. Wanamshukuru, wanaondoka. Nami nabaki najiuliza ni mtu gani huyo wanayemshukuru. Kwangu hasemi. Tangu arudi vitani hasemi. Nikimuuliza, anakwenda shambani."

Nilichukua karanga chache nikamsaidia kubangua. Tulipokaa kula, Mwalimu alikuwa mchangamfu, akauliza habari za kila mtu. Mama alinikaribisha ugali, kisha akamwambia mumewe bila kuinua macho, "Nilikuwa namuuliza mgeni, mlikuwa mkizungumza nini kwenye hicho chumba chenu."

Mwalimu alinitazama. Mimi nikatazama sahani yangu. Alinawa mkono, ingawa hakuwa ameshiba, akaufuta taratibu kwenye kaptula.

"Kulikuwa na mtu anaitwa Petlo," alisema. "Wa Geita. Tulikuwa tunabeba sanduku moja la lisasi, yeye mbele mimi nyuma. Alikuwa ananiambia kitu, kwamba tukiludi nyumbani nimsindikize mahali. Hakumaliza kusema ni wapi."

Mama aliacha kula.

"Alikuwa na mke?" aliuliza.

"Alikuwa naye. Na mtoto wa kike."

"Wako wapi?"

"Geita huko huko, nadhani. Sikwenda."

"Geita si mbali."

"Si mbali," alisema Mwalimu, na sauti ile iliyokuwa ikifika ziwani haikufika mwisho wa mkeka.

Mama aliisogeza sahani kando, akamsogelea. "Huyo Petro alikuwa mtu wa namna gani?"

Alianza kumweleza. Basi lilikuwa likipiga honi barabarani, na kwa desturi ya kule mgeni husindikizwa hadi njiani na mizigo yake hubebwa. Mimi niliinuka polepole, nikachukua begi langu mwenyewe. Hakuna aliyegeuka. Nilipofika kwenye uzio wa minyaa nilisikia mama anauliza tena kitu, na mzee anamjibu, na mama anasema, "Tukishavuna, tutakwenda wote."